Mwanafunzi wa Kiarabu na picha ya karatasi

Swali: Nafundisha Kiarabu mwaka wa pili chuo kikuu. Muhula ujao nusu ya vipindi vyangu vinahamia mtandaoni. Wanafunzi wangu wanachambua nahau, yaani sarufi, ya sentensi bila taabu, lakini nikiwaambia waniandikie barua pepe kwa Kiarabu, wananitumia picha ya karatasi walioiandika kwa mkono. Idara nayo inataka niseme tununue mfumo gani wa kufundishia. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, ahsante kwa swali lako. Naanza na hiyo picha ya karatasi, maana imekwisha kusema karibu yote. Wanafunzi wako Kiarabu wanakijua. Kilichowashinda ni Kiarabu cha kwenye skrini. Mtu anayeweza kuchambua ubeti mzima wa shairi lakini hajui ع iko wapi kwenye kibodi hawezi kutafuta neno kwenye kamusi ya mtandaoni, hawezi kupekua maktaba ya vitabu vya dijitali, wala hawezi kumwandikia mhadhiri wa chuo kingine kuomba nakala ya tasnifu. Ana elimu iliyofungiwa kwenye daftari, na ufunguo wake haumo ndani ya mfumo wowote utakaonunuliwa.

Kwa hiyo suala la mfumo nalimaliza mapema. Kama chuo kina Moodle, bakini nayo. Ni ya bure, na inajua kugeuza ukurasa mzima uende kutoka kulia kwenda kushoto. Kama idara imeng'ang'ania mfumo mwingine, maelezo ya muuzaji yaache. Ingia mwenyewe kwenye sehemu ya majadiliano, andika sentensi moja ya Kiarabu yenye mabano, tarakimu, jina lenye herufi za Kilatini na alama ya kuuliza, ihifadhi, kisha ifungue kwenye simu. Mabano yakigeuka au alama ya kuuliza ikakimbilia upande usio wake, jua utateseka nao muhula mzima.

Kuna jaribio la pili, la maswali yanayosahihishwa na mashine, na hapa niliwahi kuungua mwenyewe. Niliweka zoezi la kujaza nafasi, jibu likiwa كبير. Mwanafunzi mmoja akajibu sawasawa, mashine ikampa sifuri. Alipolalamika nikatazama jibu lake, nikatazama na la kwangu: vilifanana kama pacha. Nilimjibu ajaribu tena, akapata sifuri tena. Ilinibidi niyapime maneno yale herufi kwa herufi ndipo nikagundua kuwa simu yake ilikuwa na kibodi ya Kiajemi. Herufi kafu (ک) ya Kiajemi ikiwa mwanzoni mwa neno haitofautiani kwa macho na ya Kiarabu (ك), na yei (ی na ي) ikiwa katikati ni hivyohivyo. Lakini katika Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, kafu ya Kiarabu ni 0643 na ya Kiajemi ni 06A9. Yei ya Kiarabu ni 064A na ya Kiajemi ni 06CC. Sisi tunasoma umbo, mashine inasoma namba. Yule kijana alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimempotezea siku mbili.

Tangu hapo kipindi cha kwanza kabisa sifundishi neno hata moja. Kila mmoja anafungua mipangilio ya simu au kompyuta yake na kunionyesha kuwa kibodi aliyonayo ni ile iliyoandikwa العربية, si فارسی wala اردو. Na kwenye maswali ya mashine, hamza, ile alama ndogo juu ya alifu, siifanyi sababu ya kunyima maksi: احمد na أحمد zote zinapita. Hamza naisahihisha kwa jicho langu, kwa sababu iko hamza iliyoachwa kwa uvivu na iko iliyoachwa kwa kutojua, na mashine haiwezi kuzipambanua.

Baada ya hapo, vidole. Najua wahadhiri wengi wanaona kufundisha kuchapa ni kazi ya chini ya hadhi ya chuo kikuu. Mimi naona ndipo muhula mzima unaposimama au kuanguka. Kibodi ya Kiarabu inayokuja na kompyuta nyingi ina mpangilio mmoja unaojulikana: mstari wa katikati, kuanzia kitufe cha A, unasoma ش س ي ب ل ا ت ن م ك ط. Vitufe vya F na J, vile vyenye vinundu vya kuongoza vidole, vinatoa ب na ت. Mwanafunzi akishapajua hapo amepata nyumbani pa kurudi. Wape dakika kumi kila siku kwa wiki tatu, si saa moja mara moja kwa wiki. Waanze na majina yao, kisha imla: unawatumia ujumbe wa sauti wa nusu dakika, wao wanarudisha maandishi. Imla ya namna hii inafundisha kusikiliza na kuchapa kwa pamoja.

Irabu nazo zina mpango mzuri ambao wanafunzi wakionyeshwa hutabasamu. Ukishika Shift, Q inatoa fat-ha, A kasra, E dhumma. Tanwini ya kila moja, yaani irabu hiyo ikiwa na n mwishoni, iko jirani yake wa kulia: W, S, R. Sukuni, alama ya kukosa irabu, iko kwenye X, na shadda, alama ya kukaza herufi, iko kwenye kitufe cha pembeni kabisa juu kushoto, kile kinachotoa ذ. Simu ina njia yake: bonyeza na ushikilie, herufi za ziada zinajitokeza. Vibandiko vya herufi juu ya vitufe sivipendi sana, kwa kuwa vinamzoesha mtu kutazama chini. Heri afungue picha ya kibodi kwenye pembe ya skrini kwa wiki mbili, kisha aifunge.

Utaona wengine wanakimbilia kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini na tarakimu, 3 ikiwa ع na 7 ikiwa ح. Usiwatukane. Ni mtindo halisi wa vijana wa Kiarabu kwenye mazungumzo ya simu, na mwanafunzi wako atakutana nao akiingia kwenye mitandao ya kijamii, kwa hiyo mfundishe kuusoma. Kuuandika kwenye kazi ya darasani ndiko unakokataa.

Kuhusu mwelekeo wa maandishi nitasema kidogo, ila hicho kidogo kisiachwe. Wanafunzi wengi wakitaka maandishi yakae kulia wanabonyeza alama ya kusogeza kulia, na nukta ya mwisho inajikuta mwanzoni mwa mstari. Wamesogeza aya, hawajabadili mwelekeo wake. Kwenye Windows, Ctrl pamoja na Shift ya kulia ndiyo inayogeuza aya iwe ya kulia kwenda kushoto. Halafu kuna lile balaa la mabango ambayo herufi zake zimeachana na neno zima limegeuka nyuma mbele. Hapo kibodi haina kosa. Kompyuta huhifadhi herufi tu, haihifadhi umbo lake. Kazi ya kuziunganisha na kuchagua umbo la mwanzo, la kati au la mwisho hufanywa na programu pamoja na fonti. Programu isiyojua kazi hiyo, ama ibadilishwe, ama iachwe.

Sasa nije kwenye kutafuta, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapoponzwa na sikio lake mwenyewe. Maneno ya Kiarabu tunayoyatumia kila siku yalipoingia kwetu yaliacha baadhi ya sauti njiani. Chukua neno hatari. Sisi tuna h moja na t moja. Kiarabu kina ه, ح na خ, kisha ت na ط. Mwanafunzi anayetaka kulifikia neno hilo kwa kusikia ana njia sita mbele yake, na ni moja tu, خطر, inayompeleka alikokusudia. Akiandika هتر hafiki popote karibu na hatari. Tarehe ni hivyohivyo: h yake ya mwisho ni خ, neno ni تاريخ, na kwenye kamusi iliyopangwa kwa mizizi, kama ile ya Hans Wehr, hulikuti chini ya ت bali chini ya أرخ. Mbaya zaidi ni pale neno lililokosewa lina maana yake. عليم ni mjuzi; أليم ni yenye kuumiza. Anayetafuta habari za mwanachuoni akaandika kwa alifu badala ya ain atarudishiwa adhabu. Wala hatajua kuwa amekosea, kwani majibu yatakuwa mengi.

Zoezi langu hapa ni rahisi, na wanafunzi hulipenda. Ninawapa maneno kumi ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu, kwa mfano dhaifu, hasara, heri, taarifa, sahani, na kila mmoja anatafuta asili yake kwenye kamusi ya mtandaoni. Haniletei jibu peke yake, ananiletea na safari: aliandika nini kwanza, alipata nini, alibadili herufi gani. Safari hiyo ndiyo ninayoipa alama. Ukizisoma safari ishirini utaijua ramani ya masikio ya darasa lako kuliko mtihani wowote wa matamshi.

Wafundishe pia kuwa kutafuta kwenye Kiarabu si kuandika neno na kusubiri. Neno كتاب linaweza kuwa limejificha ndani ya والكتاب au بكتابهم. Hamza zinaandikwa na kuachwa, ة inaandikwa ه na watu wenye haraka, ى na ي zinabadilishana. Kwenye Word, Kiarabu kikiwashwa, sehemu ya kutafuta inakupa nafasi ya kuchagua kama irabu na hamza zizingatiwe au zipuuzwe. Maktaba ya المكتبة الشاملة, yenye maelfu ya vitabu vya zamani, nayo ni hazina. Ila wanafunzi wako waambie jambo moja: maandishi yake yamechapwa upya na watu, na makosa yamo. Kwenye maelezo ya kitabu huwa pameandikwa kama namba za kurasa zinalingana na nakala iliyochapishwa, موافق للمطبوع, au hazilingani. Mwanafunzi anayenukuu ukurasa bila kutazama hapo amenukuu hewa. Mimi nadai picha ya ukurasa wenyewe kutoka nakala iliyoskaniwa. Kwa maneno yenye historia, tangu mwishoni mwa 2018 kuna Kamusi ya Kihistoria ya Doha mtandaoni, inayoonyesha neno lilitumika wapi zamani na kwa tarehe. Hapo tarehe na hatari zinapata babu zao.

Kusoma kwa kupima kunakuja baada ya kutafuta. Wanafunzi waliolelewa na kitabu cha nahau hushtuka wakikuta sehemu kubwa ya Kiarabu cha mtandaoni si fasaha, yaani si Kiarabu sanifu cha vitabuni. Mwanaisimu Charles Ferguson aliieleza hali hii mwaka 1959: lugha ya juu ya kuandikia na kuhutubia, na lugha ya nyumbani, vinaishi pamoja kwa watu walewale. Alichoeleza kilikuwa kimegawana kazi, moja ya kalamu na nyingine ya ulimi. Mtandao umeiingiza ile ya ulimi kwenye maandishi. Kwa hiyo usimwambie mwanafunzi kuwa maoni anayoyasoma chini ya habari yana makosa. Mwambie ni lahaja, na aseme imemdokeza nini kuhusu mwandishi. Kisha mpe habari moja kutoka vyombo viwili. Mtu mmoja, kifo kimoja: huku kimeandikwa قُتل, aliuawa, kule استشهد, alikufa shahidi. Kitenzi kimoja kimeshakwambia mwandishi amesimama upande gani. Nahau itamwonyesha kuwa kwa ufasaha vyote viwili ni vya kutendwa; kilichobaki ni kazi ya akili yake.

Na akili bandia? Hukuuliza, lakini nakuona unaliwaza. Insha utakazopokea zitakuwa laini mno, ufasaha umenyooka, na hakuna aliyezitoa jasho. Kukataza peke yake hakusaidii. Mimi nimeigeuza mashine kuwa mwanafunzi wa darasani anayesahihishwa. Ninatoa kifungu kisicho na irabu, mashine inakitia irabu, wanafunzi wanaikagua. Tazama maneno mawili tu: كتب الطالب. Ni kataba t-talibu, mwanafunzi aliandika, au ni kutubu t-talibi, vitabu vya mwanafunzi? Yote mawili yanasimama. Kinachoamua ni kinachofuata, na mashine mara nyingine huamua kabla hakijafuata. Mwanafunzi anayeikosoa lazima aseme ni kwa nini: hiki ni kitenzi kwa kuwa kinasubiri mtendwa, hiki ni nomino kwa kuwa kuna habari ya mubtada, yaani maelezo ya kile kilichotajwa mwanzo, mbele. Yaani nahau yote uliyowafundisha kwa miaka miwili, ambayo wengi wao waliidhani ni ya kufaulia mtihani, hapa inapata kazi ya kufanya. Sijaona zoezi linalowaamsha zaidi.

Kwenye nukuu ninakuwa mkali. Mashine hizi zinaweza kutunga hadithi ya Mtume, ubeti wa shairi au kauli ya mwanachuoni yenye mahadhi kamili na isiyokuwepo popote duniani. Kanuni ya darasa langu: nukuu isiyo na jina la kitabu, juzuu, ukurasa na picha ya ukurasa huo, haikuandikwa.

Kuhusu kupanga vipindi vyenyewe, usihamishe mhadhara wa saa mbili kama ulivyo. Kipindi cha moja kwa moja kiwe kifupi na kiwe cha kusema. Maelezo ya nahau yarekodi kwa vipande vya dakika saba au nane ambavyo mwenye mtandao hafifu anaweza kuvipakua usiku. Kazi za kuandika zifanyike kwenye hati ya pamoja, makundi ya watu watatu, na historia ya mabadiliko ibaki wazi. Historia hiyo inaonyesha nani aliandika, nani alifuta, na nani alibandika aya nzima saa tano na dakika hamsini usiku. Watafiti Garrison, Anderson na Archer waliandika mwaka 2000 kuwa kozi ya mtandaoni inasimama kwa kuwapo kwa namna tatu: watu kuhisiana, fikra kufanya kazi, na mwalimu kuonekana. Ya tatu ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Mwanafunzi anayeona haya kuandika Kiarabu mbele ya wenzake, akiandika mistari minne ya jasho na ikakaa wiki bila jibu, haandiki tena. Jibu ndani ya siku mbili, kwa Kiarabu, hata kama ni sentensi moja. Makosa yaeleze kwa ujumbe wa sauti. Sauti ya mwalimu inapunguza ukali wa kalamu nyekundu, na inaokoa muda wako pia.

Mtihani wa mwisho ufanyike mtandao ukiwa wazi. Dakika tisini, kazi moja: tafuta kitabu fulani, thibitisha nukuu fulani ndani yake, kisha mwandikie mkutubi wa chuo barua pepe rasmi kuomba sura yake. Hapo utaona kila kitu kwa mara moja: salamu, تحية طيبة وبعد, mkato wa Kiarabu ، badala ya ule wa Kilatini, alama ؟ ikiwa imeangalia upande wake, jina la kitabu lililopatikana kwa herufi sahihi, ombi lililokaa kwenye fasaha isiyonukia tafsiri. Mimi natoa nusu ya alama kwa barua na nusu kwa rekodi ya hatua za kutafuta. Wahadhiri wenzako watakuambia huko kutafuta si Kiarabu. Wakaribishe wafanye mtihani huo wenyewe.

Kwa wiki ya kwanza, fanya jambo moja tu. Waombe tena ile barua pepe waliyokuletea kwenye picha, mistari mitatu, imechapwa. Nahau usiiguse. Angalia kafu na yei, angalia nukta imekaa upande gani, angalia kama kuna aliyeweka nafasi tupu ishirini ili kusogeza maneno kulia. Ukishazisoma zote, nitumie tano mbaya kuliko zote, majina yakiwa yamefutwa, nikwambie wiki ya pili uanze na kipi.